Mrejesho: bango langu la kifafa, Chicago 2024

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza nichapishe bango la utafiti wangu kwenye karatasi au kitambaa, na nianzeje kumweleza mtu anayepita. Nilichukua kitambaa: kikakunjwa kwenye begi la mkononi, na pale kwenye ukumbi wa mikutano wa McCormick Place nikakibana kwa pini, safi kabisa. Mkutano wa Society for Neuroscience (chama cha wanasayansi wa ubongo na neva) una maelfu ya mabango na kila awamu huchukua saa 4, kwa hiyo bebeni maji, koo linakauka kweli.

Ushauri wa kuanza na grafu moja ndio ulionibeba. Nilikuwa nanyooshea kidole mawimbi ya umeme ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya, nauliza, "Unaona yanavyopanda kabla ya degedege?" Watu wanasimama! Mtafiti mmoja mama alinibana sana kuhusu kundi la ulinganisho. Jaribio alilopendekeza tunalianza maabara.