Karafuu zinalowa usiku na mvua haijanyesha, tufanyeje?

Mchumaji wa Wete
Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa kuanika karafuu wakati huu wa vuli. Zinashinda juani juu ya majamvi, jioni tunazifunika kwa nailoni hapo hapo uwanjani. Asubuhi ukifunua, nailoni ina matone kwa ndani na karafuu za juu zimelowa, ilhali usiku kucha hapakudondoka tone. Sasa siku ya nne, baadhi zimepauka na kunyauka. Maji haya yanatoka wapi? Na mvua ya ghafla ya mchana, mtu aitambue vipi mapema?

Jamvi la Konde
Waalaykum salaam. Maji yanatoka pahala pawili.

Kwanza ni hewa yenyewe. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Tuseme alasiri ni nyuzi 30 na unyevu wa hewa ni asilimia 65: karafuu zinakauka vizuri. Usiku joto likishuka hadi nyuzi 24, mvuke ni ule ule, lakini unyevu umeshapanda hadi kama asilimia 92. Karafuu iliyokuwa ikitoa maji huanza kuyanywa tena. Usiku mbaya kuliko yote ni ule wa mbingu safi, nyota tele na upepo umetulia. Vitu vilivyo wazi hupoteza joto lao kuelekea angani, vikapoa kupita hata hewa inayovizunguka, na umande ukatua juu yake. Wingu likitanda, hurudisha sehemu ya joto hilo chini, umande ukapungua. Kwa hiyo usiku wa nyota ndio wa kuuogopa, na wengi ndio wanaouamini.

Pili ni karafuu zenyewe. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, maana yake kiasi cha lita 2 za maji lazima ziondoke. Ukizifunika zingali na joto la jua, mvuke hupanda, hugota kwenye nailoni iliyokwisha kupoa, hugeuka matone na kurudi pale pale. Nailoni inayogusa karafuu ni sawa na kifuniko cha sufuria.

Anua jua linapolegea, kama saa 10 na nusu, usingoje magharibi. Ziingize ndani na uzitandaze, zipoe. Kama lazima zilale nje, ziweke juu ya chanja, turubali ulifunge juu yake kwa mteremko kama paa, lisiziguse, na pande mbili uziache wazi hewa ipite. Asubuhi usikimbilie kuanika. Pangusa majani ya uwanjani kwa kiganja; kikitoka na maji, subiri.

Mchumaji wa Wete
Ahsante sana. Chumba ni kidogo. Tukizirundika pembeni usiku mmoja tu?

Jamvi la Konde
Hapana, tafadhali. Rundo la karafuu mbichi huchacha na kupata joto lake lenyewe. Tia mkono katikati: ukihisi uvuguvugu, kuharibika kumeshaanza. Hizo zilizopauka na kunyauka ndivyo zilivyoharibika, zitenge, zisishushe daraja la nzima. Za siku ya tatu na ya nne zinavumilia kukaa pamoja kuliko za leo, basi nafasi ya kutandaza wape zile mbichi. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yaanike mbali.

Upepo wa Mkoani
Kuhusu mvua ya ghafla: tazama mawingu saa 4 asubuhi. Yakiwa vipande bapa vilivyotawanyika, endelea. Yakiwa yanapanda kwenda juu kama minara, na kitako chake kimeiva weusi, mtu asitoke uwanjani kwenda mbali.

Dalili ya mwisho ni upepo wa baridi unaokuja ghafla. Mvua inapoanguka, sehemu yake hugeuka mvuke njiani na kuipoza hewa. Hewa hiyo nzito hushuka, ikigonga ardhi hutawanyika mbele ya mvua. Ukishausikia mwilini una dakika chache tu. Anua, usitazame juu tena.

Radi pia hupimika. Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mngurumo, gawa kwa 3, hiyo ndiyo umbali kwa kilomita. Sekunde 15 ni kilomita 5. Lakini kwa usalama wa watu usihesabu: mngurumo wa kwanza tu, wachumaji wote washuke mikarafuuni na waingie ndani ya nyumba. Karafuu zilowe, si neno.

Na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) ukisema "mvua katika maeneo machache" ya Pemba, usidhani shamba lako limesamehewa. Wingu moja linaweza kulowesha Mtambile, huku Chake Chake pakawa pakavu.

Mchumaji wa Wete
Allah awalipe kheri. Zikikauka sawasawa tutajuaje?

Jamvi la Konde
Jua likiwa kali mfululizo ni siku 4 au 5, wakati wa vuli huzidi. Chukua chache kutoka katikati ya jamvi, si za juu, uzikunje kwa vidole. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda, irudi juani. Jaribu saa 8 mchana, maana asubuhi zote hupinda kwa unyevu wa usiku, hata zilizokwisha kukauka.