UKM08 au UK171 kwa ekari sita, na hela ya mbolea iende wapi?

JembeJipya
Wakuu, habari za mihangaiko. Msimu huu naingia kwenye pamba kwa hela yangu mwenyewe, ekari sita. Mvua zimeanza kututania huku, kwa hiyo ndani ya wiki mbili lazima niwe nimeamua. Nimekwama kwenye mambo mawili.
Mbegu: UKM08 ambayo kila mtu analima, au hizi mpya za kituo cha utafiti cha Ukiriguru, UK171?
Mbolea: hela inatosha kitu kimoja tu. Ama ninunue samadi tipa kadhaa, ama DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia.
Kipi kinalipa? Naomba majibu ya waliolima, siyo ya waliosoma gazetini.

Kangambili
Uko wapi? Udongo gani? Mwaka jana shamba lilikuwa na nini? Umeuliza dawa bila kusema unaumwa wapi.

JembeJipya
Maswa. Udongo ni wa kawaida tu.

Kangambili
Udongo wa kawaida ndiyo upi?

FundiJineri
Wakati tunasubiri udongo wa kawaida upatikane, niseme la mbegu. Mimi niko upande wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mbegu ya zamani, UK91, ilikaa mashambani tangu miaka ya 1990 mpaka ikachoka. Haikuchoka kwa uzee, ilichoka kwa kuchanganywa. Mbegu ya pamba inatoka kwenye mashine ileile inayochambua pamba ya kila mtu, ya Meatu na ya Kahama zinapita mlango mmoja, halafu hiyohiyo inarudi shambani. Ongeza nyuki, maana pamba hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa lakini siyo yote. Ndiyo maana ikaletwa UKM08. Na UKM08 nayo inaelekea kulekule tusipoangalia.
Sasa swali la kweli siyo UKM08 au UK171. Swali ni je, mfuko una lebo ya TOSCI, wale wakaguzi wa mbegu? UKM08 safi itaishinda UK171 ya kubabaisha asubuhi na mapema.

JembeJipya
Lebo sijaiangalia. Kuna jamaa ananiletea.

Kangambili
Haya.

MstaafuUgani
Kijana, nianze na udongo, kwa sababu mbolea unayouliza inategemea huo. Usukumani ukitembea kutoka kwenye mawe ya kilimani mpaka bondeni unapita udongo wa aina nyingi ndani ya kilomita moja. Juu kuna luseni, mchanga mwepesi wa granaiti, maji hayakai. Katikati ya mteremko kuna udongo wa itogoro. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Wazee waliyapa majina hayo kabla ya maabara kufika. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alipouandikia mpangilio wa namna hiyo miaka ya 1930 na kuuita katena, hakumwambia Msukuma kitu kipya.
Kama ni luseni, tatizo lako la kwanza ni mboji, naitrojeni na fosforasi, vyote pamoja. Hapo samadi haina mpinzani, kwa sababu inaleta chakula na inashika maji. Majaribio ya zamani ya Ukiriguru yalionyesha kwamba samadi ukiweka leo, nguvu yake unaiona misimu kadhaa mbele. Urea ni ya msimu mmoja tu. Ila kama ni mbuga, samadi siyo haja yako ya kwanza, haja yako ni mfereji wa kutoa maji.

JembeJipya
Shikamoo mzee. Ni mchanga, kwa juu kuna mawe makubwa. Kwa chini kidogo panabadilika rangi. Mwaka jana mwenye shamba alilima mahindi, mwaka juzi pamba.

MstaafuUgani
Marahaba. Basi ungeanza na hilo. Ni luseni inayoshukia itogoro. Gawa shamba akilini mwako, usilihesabu kama kitu kimoja.

BusiaMpakani
Hamjambo majirani. Sisi huku Kenya tulishatoka kwa hayo mambo ya mbegu za zamani, UK za kwenu na KSA81M ya kwetu. Serikali iliruhusu pamba ya Bt, ile iliyowekewa jeni ya bakteria inayoua mdudu, Desemba 2019 na sasa tunapanda mbegu chotara. Ule mdudu wa kutoboa vitumba anakula jani kidogo anakufa. Nyinyi bado mnapulizia kila wiki, kwa nini?

Kangambili
Kwa sababu huku haijaruhusiwa, ndugu yangu. Mtu anauliza mbegu ya kupanda wiki ijayo, unamletea ya nchi nyingine.

BusiaMpakani
Nasema tu ukweli. Hata hivyo si kila kitu ni asali. Mbegu chotara lazima ununue kila msimu, ukipanda ya nyumbani inakuja mchanganyiko. Na chawa wa majani na vidukari hawajali Bt, bado unapulizia.

MstaafuUgani
Na kangambili pia, yule mdudu mwekundu, simsemi mwenzetu hapa. Ila mkizungumzia Bt msiisahau Burkina Faso. Waliipanda kibiashara kuanzia 2008, ikaenea haraka, wakulima wakafurahia kupunguza dawa. Baadaye kampuni za pamba zikalalamika kwamba nyuzi zimekuwa fupi na sokoni bei imeshuka, na kufikia 2016 wakairudisha mbegu yao ya zamani. Aina ya pamba ni mkataba kati ya mkulima, mdudu, kiwanda na soko. Ukimridhisha mmoja tu, mwingine anavunja mkataba.

FundiJineri
Hapo umenigusa, mzee. Watu hawajui kwamba aina yenye nyuzi nyingi kwa kila kilo inatufurahisha sisi wa kiwandani kwanza. Mkulima analipwa kwa kilo ya pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa, siyo kwa kilo ya nyuzi. Kwa hiyo mtu akikusifia aina fulani muulize: inasifiwa kwenye mizani ya nani?
Na lingine. Majani ya pamba zetu yana manyoya. Hayo yaliwekwa makusudi kumzuia chawa wa majani, mtindo ulianzia na aina ya U4 ya Barberton, Afrika Kusini, miaka ya 1920. Bila manyoya, chawa anamaliza shamba. Lakini jani lenye manyoya likikauka linang'ang'ania kwenye pamba, na sisi kiwandani tunakula vumbi la majani.

Kangambili
Mkulima naye anaambiwa pamba yake ni fifi, daraja la chini.

FundiJineri
Fifi ni fifi, mkuu. Mkichuma na magamba mnataka tuseme nini?

MamaChoroko
Jamani mimi nimesoma wote, hakuna aliyemwambia huyu mtoto kuhusu mnyauko. Ngoja nikae chini niandike.
Miaka ya nyuma nilikodi shamba la mchanga, zuri kwa macho, karibu na barabara. Mbegu ililetwa na mtu anayezunguka na pikipiki, anasema ni za kiwandani, ana mifuko isiyo na lebo, ana maneno matamu. Tukapanda. Ikaota vizuri mno, watu wanapita wanaisifia. Ilipoanza kutoa maua, nikaona majani ya chini yanakuwa ya njano kwenye kingo, mche mmoja hapa, mmoja pale. Majirani wakasema jua. Wengine wakasema ni njaa ya naitrojeni, ongeza Urea. Mvua ikanyesha nzuri, miche ikazidi kulala. Kila mche ulionyauka ulikuwa pembeni ya mwingine mzima, ndicho kilichowachanganya watu, maana ukame hauchagui mche na kuruka mwingine.
Akaja bwana shamba mmoja, hakuzungumza, akang'oa mche na kuupasua shina kwa kisu. Ndani palikuwa na mstari wa kahawia kama umechomwa na waya. Akasema fuzari, mnyauko unaoletwa na kuvu. Nikamuuliza dawa. Akasema mama, hakuna dawa ya kupulizia, kimelea kiko kwenye udongo na kinakaa miaka. Kilikuja na mbegu au kilikuwepo, hatutajua. Yule wa pikipiki simu haikupatikana tena. Kuvuna tulivuna, lakini mtu akiniuliza kilo ngapi namwambia tuongee habari nyingine. Na kodi ya shamba nilishalipa misimu miwili. Ndiyo nikaingia kwenye choroko.

JembeJipya
Pole sana mama. Umenitisha. Na huyu anayeniletea mimi naye ana pikipiki.

Kangambili
😂😂 Mkuu, ghairi leo.

MstaafuUgani
Pole, mama. Niongeze kwa faida ya kijana. Fuzari iligunduliwa kandokando ya Ziwa Victoria miaka ya 1950, na tangu hapo Ukiriguru wamekuwa wakichagua aina kwa kuzipanda kwenye udongo wenye ugonjwa na kubakiza zinazosimama. Kwa hiyo aina za UK zina kiasi cha uvumilivu, lakini kuvumilia siyo kutougua. Inazidi kwenye mchanga wenye uchachu, wenye upungufu wa potasiamu, na wenye minyoo ya mizizi, maana minyoo inafungua mlango na kimelea kinaingia. Ndiyo maana Igunga ilitegemewa kuzalisha mbegu, kwa sababu fuzari haikuwa imefika. Ukihamisha mbegu ovyo unahamisha ugonjwa.
Kijana, muulize mwenye shamba: mwaka juzi pamba ilinyauka? Na ung'oe bua moja la zamani kama yapo, upasue.

Kangambili
Mabua ya mwaka juzi yapo wapi, mzee? Sheria inasema maotea yang'olewe na kuchomwa ifikapo Septemba 15.

MstaafuUgani
Sheria inasema hivyo. Wewe ulipita Maswa mwezi wa kumi ukaona nini?

Kangambili
Sijasema kitu.

JembeMbili
Hakuna aliyegusa nafasi ya kupandia na ndiyo inayoamua kilo. Achaneni na sentimita 90 kwa 40, panda 60 kwa 30. Mashimo yanakuwa mara mbili, 22,000 na ushei kwa ekari, badala ya 11,000. Ndiyo maelekezo ya siku hizi.

MamaChoroko
Na kupalilia nani? Ng'ombe wangu hawapiti kwenye sentimita 60.

FundiJineri
JembeMbili, hesabu zako ni za mashimo. Zamani 90 kwa 40 walikuwa wanaacha miche miwili kwa shimo. Zidisha: 11,000 mara mbili ni 22,000. Ukiacha mmoja mmoja kwenye 60 kwa 30, miche ni ileile.

JembeMbili
Ileile kwa idadi, siyo kwa mwanga. Miche miwili shimo moja inagombania chakula. Ikiwa mmoja mmoja kila mche una eneo lake, na shamba linajifunika mapema, magugu yanakosa jua.

MamaChoroko
Yanakosa jua baada ya mimi kuyapalilia kwa jembe la mkono mara mbili. Kibarua unamlipa wewe?

JembeMbili
Mama, usikasirike.

MamaChoroko
Sijakasirika, nauliza hela.

MstaafuUgani
Kwenye luseni isiyo na mbolea, ukibananisha miche unawagawia njaa tu. Nafasi na rutuba vinakwenda pamoja. Tukirudi kwenye swali, mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na 23 za fosfeti. Urea mfuko una 23 za naitrojeni. Urea ukiimwaga juu ya mchanga bila kuifukia, sehemu ya hela unaipa hewa. Ifukie na iwe na unyevu. Na usiweke naitrojeni nyingi kwa kuchelewa, pamba itaota majani, itachelewa kufungua, na wadudu watakushukuru.
Samadi nayo, angalia unanunua nini. Ya zizi lisilo na paa imenyeshewa, imepoteza nguvu, na nusu ya tipa ni mchanga. Unanunua mchanga kupeleka kwenye mchanga.

BusiaMpakani
Huku tunachanganya zote mbili, kidogo kidogo. Samadi ngumi moja kwa shimo na kifuniko cha soda cha DAP, halafu mchanga kidogo katikati mbegu isiungue.

JembeMbili
Kwa mashimo 22,000 kwa ekari, mara ekari sita, hiyo ngumi ataimaliza lini?

BusiaMpakani
Ndiyo maana nikasema majirani pandeni 90. 😂

Kangambili
Kwa hiyo sasa ni samadi au DAP? Mzee anasema samadi, halafu anasema samadi ni mchanga.

MstaafuUgani
Nimesema aangalie zizi. Kama hela ni moja, kwangu mimi: samadi kwenye ekari za juu za mchanga, DAP kidogo kwenye itogoro, na apeleke udongo Ukiriguru upimwe kabla ya msimu ujao. Ekari sita zote kwa mtindo mmoja sikubali.

FundiJineri
Mimi ningepunguza ekari. Lima tatu vizuri.

JembeMbili
Ekari tatu huyo ataitwa mkulima wa nini?

JembeJipya
Nimewasikia wote, asanteni. Wa pikipiki nimemwambia sichukui, amekasirika. AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanasema mbegu yenye lebo ni UKM08, UK171 hawajui itafika lini. Mwenye shamba nimempigia kuhusu mnyauko, anasema "pamba ilikuwa na kawaida yake tu". Sijui ndiyo maana yake nini.

MamaChoroko
Mwanangu, hiyo kawaida yake ndiyo hiyo.

Kangambili
Kwanza udongo wa kawaida, sasa ugonjwa wa kawaida.

MstaafuUgani
Muulize alivuna kilo ngapi kwa ekari. Asipotaja namba, kodi tena kwingine au panda mtama huko chini.

JembeJipya
Kodi nimeshalipa, mzee.

MamaChoroko
Misimu mingapi?

Kangambili
Nipo Bariadi kesho, kuna anayejua zizi zuri linalouza samadi upande huo, lenye paa? Tipa inaenda kwa shilingi ngapi siku hizi?