Mtambo ukiondoka, kijiji kinabaki na nini? Mjadala kuhusu kampuni ndogo za utafiti wa dhahabu

Wadau, habari za jioni kutoka Arusha. Naleta hoja iliyotugawa pale kijiweni kwetu Ngarenaro tangu wiki iliyopita. Kaka mmoja, dalali wa vito wa siku nyingi, alisema kampuni ndogo za kutafiti dhahabu zinyimwe leseni kabisa. Kwa maelezo yake zinakuja na mtambo wa kukodi, zinachoronga mashimo, zinauza hisa huko nje, kisha zinatoweka, na muda wote huo eneo limefungwa wakati mchimbaji mdogo wa Kitanzania hana pa kuchimba. Wengi walimuunga mkono. Mimi sikubaliani naye, ingawa sikubaliani pia na wanaozitetea kampuni hizo kwa kila jambo.

Tuanze na hilo la kutoweka. Kampuni ya namna hii haina mgodi. Kazi yake ni kutafuta, na mara nyingi inakosa. Ikipata, humuuzia mwenye mtaji wa kujenga mgodi. Angalieni Nyanzaga, kule Sengerema. OreCorp ya Australia ilihangaika na utafiti pale kwa miaka, leseni ya uchimbaji mkubwa ikatoka mwaka 2021 Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, na mwaka 2024 kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Perseus ikainunua OreCorp yote. Ukiwafungia mlango hawa wadogo, sioni ni mkubwa gani atakayekuja kuchoronga pori ambalo hakuna aliyewahi kuligusa. Na eneo halifungwi milele: leseni ya utafiti huanza na miaka minne, na ikihuishwa mwenyewe anatakiwa kurudisha nusu ya eneo.

Kinachoniuma ni kingine.

Niliwahi kufanya kibarua cha sampuli kwenye mtambo wa kampuni moja upande wa Handeni. Upepo wa kompresa unapandisha mwamba uliosagwa kutoka chini, unazunguka kwenye pipa la chuma na kudondokea kwenye mfuko. Kila mita moja, mfuko mmoja. Unaandika namba ya shimo na mita kwa maka, unachota konzi moja, unaosha kwenye chujio, unatazama. Kijivu, kijivu, kijivu, halafu ghafla vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Moyo unaruka, maana jiwe jeupe huweza kuwa dalili ya dhahabu, lakini hata hapo hujui kitu. Macho hayawezi kuona gramu mbili za dhahabu zilizotawanyika ndani ya tani nzima ya mwamba. Anayejua ni maabara.

Kwenye shimo la sita mtambo ulikaa siku nne. Wanakijiji walikuwa wanatutazama kutoka kwenye kivuli cha mwembe, wakihesabu. Jioni moja nikiwa nanawa mzee akanifuata. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kijana wangu, hapo mmeona nini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, sisi hatuambiwi." Ndivyo tulivyoelekezwa kujibu. Ukweli ni kwamba fimbo za kuchorongea zilikuwa zimekwama chini na fundi alihangaika nazo siku tatu. Basi, hakuna kingine.

Kampuni ilipoondoka, vijana walifungua duara, yaani shimo la kuchimbia, palepale, kwa nyundo na moko (patasi ya kuvunjia mwamba), wakiamini mtambo haukai siku nne bure. Yule mzee aliuza mbuzi sita na mahindi ya msimu mzima ili anunue matimba, magogo ya kuzuia kuta za shimo, na kukodi pampu ya maji. Nilipopita mwaka uliofuata walikuwa wameshuka mita 18, mwamba mtupu. Alinikaribisha uji. Nilishindwa kumtazama usoni.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yaliweka wazi kwamba takwimu za kijiolojia ni mali ya Serikali na zinapelekwa GST, taasisi ya Serikali ya jiolojia, Dodoma. Vizuri. Lakini mzee wa Handeni akifika Dodoma agonge mlango upi? Ninachotaka ni sharti hili: siku kampuni inaporudisha eneo, mjiolojia wake asimame kwenye mkutano wa kijiji na ramani mkononi, aseme kwa Kiswahili cha kawaida kwamba shimo hili halikuwa na kitu, lile lilikuwa na gramu kadhaa kuanzia mita fulani, na hili la sita tulikwama tu. Mashimo yazibwe. Na pale wanapotoa mwamba mzima, ule wa mviringo mrefu kama muwa, nusu yake ihifadhiwe. Kampuni ya utafiti wa dhahabu Bre-X ya Kanada, kule Busang nchini Indonesia, ilisaga mwamba wake bila kubakiza nusu ya kuhakikia, na mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kutoka kwingine.

Nyongeza ya asubuhi: wawili wamenijibu. Mmoja anasema kampuni iliyo kwenye soko la hisa haiwezi kutangaza matokeo kijijini kabla ya wanahisa wake kujua. Ni kweli, na ndiyo maana nimesema siku ya kurudisha eneo, si wakati mtambo unanguruma. Dada mmoja ameleta zito zaidi: ukitaja shimo lenye dhahabu, kesho yake ni rashi, watu wanamiminika na maduara yanawaangukia. Hilo limenikosesha usingizi. Ila rashi tunayo tayari, na inaongozwa na uvumi. Labda wanakijiji wapewe kwanza nafasi ya kuomba leseni za uchimbaji mdogo kwenye eneo lililorudishwa, ndipo matokeo yasomwe, na STAMICO, shirika la madini la Serikali, ambayo ina mitambo ya kuwachorongea wachimbaji wadogo, iitwe kabla mtu hajauza mbuzi wake.

Mliowahi kuwa wenyeviti wa vijiji vyenye leseni hizi, naomba mseme: kampuni ilipofungasha, nani alikuja kuwaeleza walichokikuta chini?