Naomba ushauri: bega lililosagika, M19.011 au M19.111?

Habari za kazi wakuu. Niko Marekani, bado mgeni kwenye kuweka misimbo ya ICD-10-CM, yaani orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa. Daktari kaandika mstari mmoja tu: bega la kulia limesagika. Nikaweka M19.011, ya kiungo kusagika chenyewe bila chanzo kingine, bega la kulia; mkaguzi karudisha. Kufungua historia, kumbe mgonjwa alivunjika bega hilohilo 2016, na eksirei inaonyesha mfupa uliounga vibaya. Hapo inanukia M19.111, ya baada ya jeraha, ila daktari hajaunganisha hayo mawili popote, nami si wa kumtungia. Msimamizi kasema niweke M19.019, ya bega lisilotajwa upande, wakati upande umeandikwa wazi kabisa!

Je, nibaki na M19.011 hadi daktari ajibu? Na swali nimwandikieje bila kumlisha maneno?