Jeni kachaguliwa vyuo viwili: mazungumzo ya kundi la familia

Mama Jeni: Shikamoo mama, shikamoo wifi. Wengine habari za jioni. Majibu ya Jeni yametoka. Kachaguliwa vyuo viwili. Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar) wamempa Filamu na Televisheni, Chuo Kikuu cha Dodoma wamempa Ualimu. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka athibitishe kimoja kabla ya Jumamosi. Baba yake yuko njiani na lori, hapatikani. Nipeni mawazo.

Shangazi Moshi: Marahaba. Hongera mwanangu Jeni!! 🎉🎉 Ualimu. Kesi imekwisha.

Mjomba Temeke: Hongera mpwa wangu. Ila filamu nayo inasomewa digrii? Miaka mitatu unasoma kulia mbele ya kamera?

Jeni: Mjomba 😂 sio kuigiza peke yake. Kuna kuandika skripti, kamera, sauti, uhariri, uzalishaji, historia ya sinema

Shangazi Moshi: Mwigizaji Kanumba, Mungu amrehemu, alitokea kikundi cha Kaole. Hakusubiri digrii ya filamu na nchi nzima ilimzika 2012. Kipaji hakifundishwi darasani.

Baba Mdogo Arusha: Dada na wewe. Walimu wangapi wako mtaani wana vyeti wanasubiri ajira? Hapa kwangu anayeniuzia vocha ni mwalimu wa Jiografia.

Shangazi Moshi: Wanasubiri, lakini siku ikifika wanaingia. Nimestaafu napata pensheni yangu. Huyo wa filamu pensheni atapewa na nani?

Mama Jeni: Na mimi ndiyo hofu yangu wifi

Bibi (Juma anaandika): Bibi anauliza Jeni atakuwa anavaa nguo gani humo kwenye filamu.

Jeni: Bibi nitakuwa nyuma ya kamera, hawatanionaaa

Bibi (Juma anaandika): Anasema sasa kama hawakuoni faida yake nini 🤣

Mjomba Temeke: Yuko wapi Beka? Si ndiye yuko huko kwenye filamu?

Beka: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa kazini, ndo naingia humu. Ngojeni nisome juu

Beka: Nimesoma. Shangazi, kuhusu Kanumba uko sahihi, kizazi kile wengi walitokea vikundi vya maigizo. Lakini angalia walivyokuwa wanauza. Prodyuza anapeleka filamu Kariakoo kwa msambazaji, anapewa hela mara moja, haki zote zinabaki kwa msambazaji, basi. DVD ikiuza nchi nzima yeye hana chake tena. Soko la DVD likafa, na wengi waliokuwa wanatamba wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hawakukosa kipaji, walikosa mtu wa kuwasomea mkataba.

Baba Mdogo Arusha: Hapo umenena

Beka: Na mimi yamenikuta. Kuna prodyuza nilimfanyia kazi kwa maneno ya mdomo, "mzigo ukiuzwa nitakumalizia". Mzigo ukauzwa. Mpaka leo tukikutana ananiita mdogo wangu 😅 Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA wanaoisimamia wapo, ila ukienda kulalamika bila karatasi unawapa kazi ngumu.

Mjomba Temeke: Wewe Beka kazi yako hasa ni ipi maana nikiulizwa nasema tu "yuko na mambo ya TV"

Beka: Sauti mjomba. Ile fimbo ndefu yenye maiki ya manyoya juu ya vichwa vya waigizaji, mwenye mikono inayouma ni mimi. Leo tumepiga picha kwenye nyumba ya watu Goba, sini (vipande vya hadithi) saba. Kabla ya kuanza nazunguka nyumba nzima nasikiliza. Feni, zima. Friji, zima, maana inavuma na kwenye uhariri ule mvumo hautoki kirahisi. Ukizima friji ya mtu unaweka funguo za gari yako ndani yake.

Mama Jeni: Funguo kwenye friji?

Beka: Ndiyo mama mdogo, ili usiweze kuondoka bila kuiwasha tena. Kuna kijana hakuweka, tukaondoka usiku, asubuhi mwenye nyumba anapiga simu: kilo nne za nyama na maziwa ya mtoto. Tulilipa. Halafu sini ikiisha nawaomba watu wote wanyamaze palepale walipo, wasitikisike, narekodi ukimya wa chumba. Kila chumba kina ukimya wake. Eidita, yaani mhariri wa filamu, anautumia kuziba mapengo. Kwenye hiyo dakika moja ndipo jogoo wa jirani anapokumbuka kuwika.

Bibi (Juma anaandika): Bibi kacheka. Anasema wamchinje.

Shangazi Moshi: Haya yote mazuri, lakini hujajibu. Ajira.

Beka: Najibu shangazi. Ajira ya kupigiwa muhuri na kukaa nayo miaka thelathini huko ni chache. TBC wanaajiri, vituo binafsi wanaajiri, ila si kila mwaka. Hata halmashauri zina maafisa habari, lakini matangazo mengi yanataja uandishi wa habari au mawasiliano ya umma, kwa hiyo tusidanganyane kwamba cheti cha filamu kinafungua huo mlango. Wengi wetu tunaishi kwa kazi za siku. Tamthilia inaanza, unalipwa kwa siku, msimu unaisha, unatafuta nyingine. Katikati unafanya tangazo la benki, dokumentari ya shirika, mkutano, harusi. Mwezi mmoja unajiona waziri, mwezi unaofuata unakopa nauli. Anayeingia aingie akijua.

Shangazi Moshi: Umeona Mama Jeni? Kasema mwenyewe.

Beka: Sijamaliza shangazi 😂 Mjomba Temeke, ukiangalia Simba na Yanga pale Azam, unadhani ile mechi inajirusha?

Mjomba Temeke: Kwani inarushwaje

Beka: Nje ya uwanja kuna gari la kurushia matangazo, ndani ukuta mzima ni skrini. Kuna mtu anasema kamera ya tatu, sasa hivi, na wewe unaona kocha anakuna kichwa. Kuna wa marudio, kuna wa sauti, kuna wa maandishi ya matokeo, kuna fundi wa satelaiti. Humo hamna hata mmoja anayejulikana kwa sura. Watu wakisikia filamu wanafikiria nyota, wanasahau yale majina yanayopita mwisho mnapobadilisha chaneli. Hapo ndipo kazi zilipo. Na sehemu nyingine watu hawatoshi kabisa. Waigizaji wako foleni mpaka barabarani, ila mtafute mtu wa kontinuiti anayejua kazi, anayekumbuka kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kushoto. Utamtafuta.

Mjomba Temeke: Mimi nilikuwa nadhani kocha anajua anarekodiwa 😂 Sawa. Ila kama ni ufundi si aende Bagamoyo? TaSUBa pale. Enzi zetu tuliita Chuo cha Sanaa, wanapika vijana vizuri na ni stashahada.

Beka: Mjomba hilo ni wazo zito, silibishii. Bagamoyo utashika kifaa mapema zaidi, nimefanya kazi na watu wa pale na mikono yao iko vizuri. Mlimani utasoma nadharia sana, mwaka wa kwanza unaweza kulia kamera iko wapi. Faida ya digrii ni mbele: ukitaka kufundisha, kusoma nje, kuomba fedha za mradi kwa Kiingereza cha kueleweka. Amil Shivji alisomea Kanada, akafundisha Mlimani, na filamu yake ya Vuta N'kuvute ilienda tamasha la Toronto 2021.

Baba Mdogo Arusha: Si kitabu cha Adam Shafi hicho?

Jeni: Ndiyo baba mdogo, tulikisoma A-level!!

Shangazi Moshi: Nimekifundisha miaka mingi hicho. Hakuna aliyeniambia kina filamu.

Jeni: Shangazi nitakutafutia uione ❤️

Mama Jeni: Beka mwanangu, kwa hiyo unasemaje? Aende asiende?

Beka: Aende, kwa masharti. Mosi, asimalize mwaka wa pili bila kuchagua kiti, yaani kazi moja ya kubobea. Anayeniambia "mimi nafanya vyote" simwiti kazini, maana sijui nimwite afanye nini. Pili, likizo zote awe kwenye seti ya mtu, pale filamu inapopigwa, hata kama kazi ni kubeba nyaya na kununua maji. Mwigizaji Lupita Nyong'o kabla ya Oscar ya 2014 alikuwa anatumwatumwa kwenye filamu ya wazungu iliyopigwa Kenya. Fildi ya chuo peke yake haitoshi, ni wiki chache na wengine wanaishia kutoa fotokopi. Tatu, ajifunze makaratasi: bajeti, mkataba, kibali cha Bodi ya Filamu. Huwezi kuanza kupiga tu, sheria inataka kibali tangu 1976 na skripti waione. Watu wa kamera wanaona makaratasi ni uchuro. Anayeyajua hakosi kazi. Na tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, likifika apande boti aende, akae Ngome Kongwe aangalie filamu mpaka macho yaume, ajuane na watu.

Baba Mdogo Arusha: Nauli ya boti na chakula cha siku mbili niandikieni mimi.

Mjomba Temeke: *Imetumwa mara nyingi:* KITUNGUU SAUMU NA ASALI, SIRI AMBAYO MADAKTARI HAWAKWAMBII...

Shangazi Moshi: Mjomba hapa si pahala pake.

Mjomba Temeke: Samahani kidole

Baba Jeni: Nimefika Singida. Mama shikamoo. Nimesoma zote, hata ya kitunguu. Jeni, naona watu wote wameongea wewe unatuma vikopa tu. Beka kasema kiti. Kiti chako kipi?

Jeni: Shikamoo baba. Uhariri.

Baba Jeni: Kwa nini

Jeni: Ile video ya kipaimara cha Toto niliyotengeneza kwa simu, mliyolia wote. Kumbuka Toto anatembea kwenda madhabahuni, Bibi anasikika anacheka kwa furaha. Bibi hakucheka pale. Alicheka nje baada ya ibada, wakati anapokea keki. Nilijaribu kwaya chini ya ile picha, ikawa kama video za kila mtu. Nikakitoa kicheko huko mwisho nikakileta mbele, kikaanza kabla hatujamwona Bibi mwenyewe. Nilivyoona mama anafuta machozi nikajua ni kile kicheko. Nataka kufanya hivyo kila siku.

Beka: Eeeh. Huyu mwacheni.

Bibi (Juma anaandika): Bibi anasema KUMBE!! Mzee wa kanisa alimwita akamsema kwamba kacheka katikati ya ibada, ameiona kwenye video. Bibi akamwomba radhi mzee, kumbe hakuwa amecheka. Anasema Jeni aende usharikani akaseme.

Jeni: 🙈🙈🙈 Nitaenda Bibi

Baba Jeni: Thibitisha Mlimani. Ile namba ya siri ya kuthibitisha kutoka TCU imekuja kwenye simu yangu, namtumia mama yako pembeni. Mkopo tusubiri Bodi ya Mikopo, wakitoa kidogo tutajua.

Beka: Jumamosi aje Goba saa kumi na mbili asubuhi. Avae raba. Bangili aache nyumbani, zinalia kwenye maiki.

Shangazi Moshi: Ualimu mmeuacha hivihivi. Haya. Hosteli kapata?

Mama Jeni: Bado wifi. Wanasema mpaka afike.

Shangazi Moshi: Akifika atalala wapi, kwenye kamera? Nina mwanafunzi wangu wa zamani Changanyikeni, karibu na chuo, ana vyumba vya wasichana. Ngoja nimpigie.