3 bila turufu: hesabu ilisema malkia yuko Mashariki, mkataba ukaanguka. Kosa ni la mnada au la uchezaji?

Saba_ya_Uru

Habari wakuu. Naomba tuujadili mgawo huu wa bridge, mechi ya timu, hakuna upande ulio hatarini (hali inayoongeza zawadi na adhabu). Kwa kifupi: R ni ree, K kingi, M malkia, J jeki.

Kaskazini (mezani, yaani karata za mwenzangu zilizofunuliwa)
Shupaza K 7 4
Kopa 8 5
Uru K J 9 3
Pao R 8 6 2

Kusini (mimi)
Shupaza R M 2
Kopa R 7 3
Uru R 10 4
Pao K 9 7 3

Mnada: Kusini 1 bila turufu (pointi 15 hadi 17), Kaskazini 3 bila turufu (yaani nahitaji mizunguko 9), wote pasi. Magharibi alianza na kopa 6 na wanaanza na karata ya nne kutoka juu. Mashariki akaweka malkia, nikaachia (sikula kwa ree). Akarudisha kopa 10, nikaachia tena, Magharibi akaweka 2. Mashariki akaendelea na kopa 4, nikala kwa ree, mezani nikatupa pao 2.

Hapo kopa zilishajulikana: Magharibi 5, Mashariki 3. Kwa hiyo Magharibi amebakiwa na nafasi 8 za aina nyingine na Mashariki nafasi 10. Malkia wa uru ana uwezekano wa 10 kati ya 18 kuwa Mashariki, takriban 56%. Nikaingia mezani kwa ree ya pao, nikacheza uru 3, Mashariki akaweka ndogo, nikaweka 10. Magharibi akala kwa malkia, akavuna kopa mbili. Pungufu ya mmoja.

Maswali mawili. Mwenzangu anasema kwa kopa 8 5 na R 7 3 tulipaswa kutafuta 5 pao, ni kweli? Na finesi ya uru (kujaribu kula kwa karata ndogo nikitumaini malkia yuko upande fulani), kuna namna ya kuijua zaidi ya hesabu niliyoifanya?

---

Mkono_wa_Mezani

Mkuu, mnada wenu hauna dosari. Kaskazini ana pointi 11, mkono wa 3-2-4-4, hana shupaza nne wala kopa nne. Hakuna sababu ya kupitia 2 pao kuulizia kopa na shupaza wakati yeye mwenyewe hana za kulinganisha. Angeuliza, angewaeleza walinzi mkono wako bure, na Mashariki angepata nafasi ya kupiga dabo ili kumwonyesha mwenzake aanze na nini.

Kuhusu 5 pao, hesabu zinazopotea. Kopa moja inapotea (ya tatu unaikata mezani). Pao moja inapotea hata zikigawanyika 3-2, maana malkia, jeki na 10 wote wako kwao. Mpaka hapo umekula 11, lakini kwa sharti kwamba malkia wa uru umempata. Ukimkosa, 5 pao inaanguka. Ukimpata unaandika 400, wakati 3 bila turufu ingekupa mizunguko 10, yaani 430. Kule unalazimika kubahatisha. Huku hukulazimika, na hilo ndilo la kuzungumzwa.

Hesabu ya wazi mezani: shupaza 3, kopa 1, uru 2, pao 2. Jumla 8. Unahitaji mmoja tu, na uru inakupa huo mmoja hata finesi ikishindwa, kwa sababu R, K na J zinakula mizunguko mitatu baada ya malkia kutoka. Kwa hiyo swali la "malkia yuko wapi?" halikuwa swali lako. Swali lako lilikuwa "nikimpoteza malkia, nani ashike zamu?"

Mashariki akishika zamu baada ya wewe kuachia kopa mara mbili, hana kopa ya kumpelekea mwenzake. Magharibi akishika, ana K na J za kopa zinamsubiri. Basi finesi lazima ielekee Mashariki, yaani umvizie Magharibi:

Baada ya kula kopa ya tatu uko mkononi mwako. Cheza ree ya uru, mezani weka 3. Kisha cheza uru 10. Magharibi akiweka ndogo, mezani weka 9 na uiache 10 iende. Akiifunika kwa malkia, kula kwa kingi, na J na 9 zote zimekuwa kubwa. Ikiliwa na malkia wa Mashariki, mpe: atarudisha shupaza au pao, unakula, kisha uru 4 kwenda mezani ambako K na J zinakusubiri. Mizunguko 9, hakuna karata ya Magharibi itakayokugusa.

Ree inatangulia kwa sababu mbili. Inamnasa malkia aliye peke yake Mashariki, na 10 ikipita, uru 4 inakupeleka mezani kwenye J na K bila kutafuta njia nyingine ya kuingia. Ukianza na 10 moja kwa moja, finesi ikifaulu mara mbili unabaki na ree pekee mkononi, na kingi mezani anahitaji kuingiwa kwa shupaza au pao.

---

Turufu_Ndogo

Naongeza kuhusu kopa, kwa sababu mpango wote umesimama juu ya kuamini kwamba Mashariki ameishiwa.

Kanuni ya 11: kwenye 11 toa namba ya karata iliyoanzwa. 11 toa 6 ni 5, hizo ndizo karata zilizo juu ya 6 katika mikono mitatu isiyo ya Magharibi. Mezani kuna 8, wewe una R na 7. Kwa hiyo Mashariki alikuwa na mbili tu juu ya 6, na uliziona zote: M na 10. Je, 6 inaweza kuwa ya juu katika kopa mbili, 6 na 2? Hapana. Mashariki angekuwa na K M J 10 9 na 4, na mwenye karata zinazofuatana hivyo huweka ya chini kabisa kati yake, si malkia. Alipoweka malkia alikana jeki.

Kuachia mara mbili kunafuata kanuni ya 7: mna kopa 5 kwa pamoja, 7 toa 5 ni 2. Ukila mzunguko wa pili, Mashariki anabaki na kopa 4. Akila kwa malkia wa uru anaicheza hiyo kopa 4, na Magharibi anavuna K, J na 9. Mkataba umekufa hata kwa finesi ya upande sahihi.

Na kama kopa zingegawanyika 4-4? Hapo hakuna hatari popote: unapoteza kopa tatu na malkia wa uru, unabaki na 9.

Jambo dogo: mezani usingetupa pao 2. Tupa shupaza 4. K na 7 mezani na R M 2 kwako bado ni mizunguko mitatu ileile, na pao zinabaki 4-4.

---

Saba_ya_Uru

Nimeelewa, asanteni sana. Je, pao isingekuwa njia ya pili? Zimebaki tano kwao, 3-2 ni kama 68%. Nikicheza K, R na ya tatu, ya nne inakuwa kubwa.

---

Mkono_wa_Mezani

Ni njia, ila pao ya tatu huwezi kuchagua nani aile. Ikiangukia kwa Magharibi umerudi kulekule kwenye kopa mbili. Na zikigawanyika 4-1 huna kitu. Uru inakupa uamuzi mkononi mwako, pao inakuachia bahati.

---

Nne_Bila

Wakuu, napingana kidogo na wanaosema Saba alikosea moja kwa moja. Inategemea aina ya mashindano.

Kwenye timu alikosea, tena kwa gharama kubwa. Malkia akiwa Mashariki, njia yake inaingiza 430 dhidi ya 400: tofauti ya 30, IMP 1 (IMP ni pointi za mechi ya timu, hutokana na tofauti ya alama kati ya meza mbili). Malkia akiwa Magharibi anaandika kasoro 50 wakati meza nyingine inaandika 430: tofauti ya 480, IMP 10. Huwezi kuweka IMP 10 rehani kwa ajili ya IMP 1, hata ukiwa na 56%. Mkiwa hatarini ni mbaya zaidi: 630 dhidi ya kasoro 100, IMP 12.

Kwenye jozi hesabu inageuka. Pale hatujali umeshinda kwa kiasi gani, tunajali umewazidi wangapi. Wengine wote wakicheza njia ya usalama, finesi ya Saba inawazidi mara 56 katika 100 na kuzidiwa mara 44. Pointi 30 za mzunguko wa ziada zina uzito uleule wa 480. Kwa hiyo hesabu yake ya nafasi zilizobaki ni sahihi kabisa na ndiyo inayofaa huko.

Kwenye jozi ningeiacha tu pale ninapoona kwamba meza nyingi hazitafika 9, kwa mfano wenye ree ya kopa wanaokula mapema. Hapo 400 tayari iko juu ya wastani na sina haja ya kuihatarisha.