Naomba ushauri: mbwa wa udongo kutoka Colima, Meksiko

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Houston, Marekani. Jirani yangu mzee alipohamia kwa mwanawe aliniachia mbwa wa udongo mwekundu, mnene, masikio wima, na mkiani ana mdomo kama wa mtungi. Tumboni ana madoa meusi yasiyotoka kwa kitambaa chenye maji (sabuni sikuthubutu).

Nimesoma kwamba watu wa kale wa Colima, magharibi mwa Meksiko, waliwaweka mbwa kama hawa pamoja na wafu kwenye makaburi ya shimo refu, kati ya 300 KK na 300 BK hivi. Wa kughushi nao ni wengi mno, hata madoa hupakwa. Jumba moja la makumbusho limekataa kuthibitisha. Maabara inataka kumtoboa ipate unga wa kupima umri, na roho yangu inasita.

Tena sheria ya Meksiko ya 1972 inasema vitu hivi ni mali ya taifa. Kama alitolewa kaburini mwa mtu, sitaki kukaa naye sebuleni.

Wenye uzoefu, nikubali atobolewe, au nianzie ubalozi mdogo wa Meksiko? Na nimwombe jirani karatasi gani? Natanguliza shukrani.